Viyoyozi Kitengela: Hatari ya kumziba mlinzi mdomo

KITENGELA ya leo si ile iliyojulikana zamani kama kituo cha wasafiri wa barabara ya Namanga na wafanyabiashara wa mifugo. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi karibu 58,000 katika mji huo. Kufikia sensa ya 2019, idadi hiyo ilikuwa imepita 150,000, huku Kaunti nzima ya Kajiado ikiwa na watu 1,117,840.

Pamoja na watu yamekuja majengo, na pamoja na majengo imekuja mitambo ya kupoza hewa. Supamaketi, benki, maabara, hospitali za kibinafsi, hoteli na mabucha makubwa hayawezi tena kufanya kazi bila viyoyozi au vyumba vya baridi. Zunguka nyuma ya jengo lolote la kibiashara mjini humo na utayaona masanduku ya chuma yenye feni, yakinguruma mchana na usiku.

Mwenye jengo anapozungumza na muuzaji wa mitambo hiyo, mazungumzo huwa kuhusu bei, ukubwa na bili ya stima. Lipo swali moja ambalo huulizwa kwa nadra mno: Je, vifaa vya kinga vilivyomo ndani ya mtambo huo vinafanya kazi, na vitaendelea kufanya kazi mwaka ujao?

Swali hilo si la mafundi peke yao. Linamhusu mwenye mtaji, mfanyakazi anayeketi chini ya kiyoyozi, mgonjwa aliyelazwa wadini na mzimamoto atakayeitwa mambo yakiharibika.

Mlinzi ndani ya sanduku

Kiyoyozi cha biashara ni mtambo wa presha na umeme kwa pamoja. Moyo wake ni kompresa, ambayo huibana gesi hadi ikapata joto kali. Gesi hiyo hupelekwa kwenye mabomba membamba yaliyo nje ya jengo ili ipoe na kugeuka kuwa kioevu, kisha hurudishwa ndani kufyonza joto la chumba.

Ili msomaji aelewe ukubwa wa nguvu hizo, gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa takriban PSI 32. Gesi aina ya R-22, iliyotumika katika viyoyozi vingi kwa miaka mingi, hufika takriban PSI 270 inapogeuka kuwa kioevu kwenye nyuzijoto 50. Gesi ya R-410A iliyokuja baadaye hupita PSI 400 katika hali hiyo hiyo.

Waliounda mitambo hii walijua hatari hiyo, na wakaweka walinzi kadhaa ndani yake. Wa kwanza ni swichi ya presha ya juu, ambayo huizima kompresa presha inapovuka kiwango kilichowekwa. Wa pili ni swichi ya presha ya chini, ambayo huuzima mtambo gesi inapopungua, kwa sababu kompresa hupozwa na gesi hiyo hiyo inayoizungusha.

Iwapo swichi itashindwa na joto lipande kupita kiasi, mitambo mingi ina vali ya usalama au kizibo cha metali laini, ambacho huyeyuka na kuitoa gesi kabla ya tangi kupasuka. Kwa upande wa umeme kuna fyuzi, breka, kifaa cha kukata mkondo mota inapozidiwa na waya wa kupeleka umeme ardhini. Mitambo ya fezi tatu huwa na kifaa cha kukagua kama fezi zote zipo na kama zimefuatana inavyotakiwa.

Vipo pia walinzi wasioonekana kuwa na umuhimu hadi siku ya msiba. Mabomba makubwa ya kusambaza hewa jengo zima yanastahili kuwa na vifaa vya kunusa moshi na milango midogo inayojifunga moto unapotokea. Bila hivyo, bomba linalopeleka hewa safi ghorofa ya tano litapeleka pia moshi wa ghorofa ya kwanza.

Umeme unaporudi

Wakenya hawajasahau usiku wa Agosti 25, 2023, pale sehemu kubwa ya nchi ilipotumbukia gizani. Kabla ya mwaka huo kwisha, giza kama hilo lilitanda tena zaidi ya mara moja, na mwaka wa 2024 pia haukupita salama.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwenye saa za giza. Hata hivyo, kwa mtambo wa kupoza hewa, hatari kubwa ni dakika zile za kwanza baada ya umeme kurejea.

Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mkondo wa umeme unaoweza kufika mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Umeme ukirudi kwa ghafla, mitambo ya mtaa mzima hutaka kuanza kwa wakati mmoja na nguvu ya umeme hushuka. Kompresa hujaribu kuzunguka ilhali presha ya gesi bado haijatulia, hushindwa, na nyaya zake hupata moto.

Hiyo ndiyo sababu watengenezaji huweka kifaa cha kuchelewesha, kinachoizuia kompresa kuwaka kwa dakika 3 hadi 5 hivi. Muda huo si uvivu wa mashine. Ni nafasi ya presha kusawazika.

Hatari nyingine ni fezi moja kukosekana. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja ingali inazunguka, zile mbili zilizosalia hubeba mzigo wote, na mkondo ndani yake unaweza kupanda kwa takriban asilimia 70. Bila kifaa cha kinga, mota inaweza kuungua huku mwenye duka akidhani kwamba kila kitu ki shwari kwa kuwa taa zinawaka.

Isitoshe, majengo mengi yana jenereta. Endapo nyaya za jenereta ziliunganishwa kwa mpangilio usiofuatana na ule wa stima ya kawaida, baadhi ya kompresa huzunguka kinyumenyume. Hazipozi, hupiga kelele na hatimaye huharibika.

Vumbi la Kaputiei

Kajiado ina tatizo lake la ziada ambalo halimo katika vitabu vya maelezo vinavyofungashwa pamoja na mitambo kutoka ng'ambo. Tatizo hilo ni vumbi.

Nyanda za Kaputiei hukauka miezi mingi ya mwaka, na ukame uliodumu kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 uliziacha nyanda hizo zikiwa tupu. Aidha, Kitengela inapakana na Athi River yenye viwanda vya saruji, na malori hupita barabara ya Namanga usiku na mchana. Vumbi hilo lote hutafuta mahali pa kutua.

Linapotua kwenye mapezi ya mabomba ya nje ya kiyoyozi, hewa hushindwa kupenya. Joto hukosa pa kwenda, na presha hupanda. Swichi ya presha ya juu hufanya kazi yake na kuuzima mtambo.

Hapa ndipo kisa chenyewe huanzia. Ni saa saba mchana, jua limewaka, wateja wamejaa na kiyoyozi kimezima. Meneja anapiga simu, fundi anafika. Fundi huyo ana njia mbili mbele yake.

Njia ya kwanza ni kuuzima umeme, kuosha mapezi kwa maji na brashi, kukagua feni, kupima presha na kungoja. Kazi hiyo huenda ikachukua saa mbili au zaidi. Njia ya pili ni kuchukua kipande cha waya na kuunganisha ncha mbili za swichi ili mtambo usimsikie tena mlinzi wake. Kazi hiyo huchukua dakika tano, na kiyoyozi huwaka papo hapo.

Mwenye biashara humsifu fundi wa pili. Humwita stadi, humlipa na kumhifadhi namba yake ya simu. Yule wa kwanza huonekana mzembe na mwenye tamaa ya kuongeza gharama.

Tatizo letu limejificha katika malipo hayo. Soko linamtuza anayemziba mlinzi mdomo na kumwadhibu anayesikiliza mlinzi anasema nini. Swichi iliyozima mtambo haikuwa imeharibika. Ilikuwa inatoa habari kwamba mapezi yamejaa vumbi.

Mazoea haya yana ndugu zake. Fyuzi ikiungua mara mbili huwekwa kubwa zaidi, au huwekwa waya. Breka ikiruka kila siku hubadilishwa na yenye uwezo wa juu, ilhali nyaya ukutani ni zile zile nyembamba. Mzigo ambao ungeirusha breka sasa unachemsha nyaya zilizofichwa juu ya dari, mahali ambapo hapana anayeona moshi wa kwanza.

Lipo kosa jingine linalostahili kutajwa waziwazi kwa sababu huua papo hapo. Baada ya kuziba tundu, mabomba hupimwa kwa gesi yenye presha ili kuhakikisha hayavuji. Gesi inayofaa ni naitrojeni. Fundi asiye na mtungi wa naitrojeni anaweza kushawishika kutumia oksijeni ya mchomeleaji wa jirani. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa huweza kulipuka bila cheche yoyote.

Gesi mpya, hatari mpya

Mtu anaweza kuuliza: Ikiwa mazoea haya yamekuwepo kwa miaka mingi, mbona tuyaogope sasa? Jibu ni kwamba gesi zinabadilika.

Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao sekretarieti yake iko papa hapa Gigiri, Nairobi, unazitaka nchi kuachana na gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. R-22 ni mojawapo. Kwa nchi zinazoendelea kama Kenya, ratiba ilianza kwa kusitisha ongezeko mwaka wa 2013, kisha kupunguza kwa asilimia 10 mwaka wa 2015, asilimia 35 mwaka wa 2020 na asilimia 67.5 mwaka wa 2025. Kufikia 2030, ni kiasi kidogo tu kitakachosalia kwa ajili ya kukarabati mitambo ya zamani.

Makubaliano ya Kigali ya 2016 nayo yanapunguza gesi zilizochukua nafasi ya R-22, kwa kuwa zinachangia kuongezeka kwa joto duniani. Nia ni njema na hatua hizo zinafaa. Ila kuna jambo ambalo mwananchi hajaelezwa vya kutosha.

R-22 haikuwa gesi ya kushika moto kwa urahisi. Nyingi kati ya zile zinazoirithi hushika moto. R-32, ambayo sasa imo katika viyoyozi vingi vipya, huwaka polepole na kwa shida, lakini huwaka. R-290 ni propeni, ndugu wa gesi tunayopikia, na huwaka kwa ukali.

Gesi hizi si mbaya zikiwa ndani ya mtambo uliotengenezwa kwa ajili yake, wenye kiasi kilichopimwa, swichi zisizotoa cheche na nafasi ya hewa kupita. Hatari huja pale R-22 inapokuwa adimu na ghali, na fundi akashawishika kujaza gesi ya kuwaka katika mtambo wa zamani ambao haukuundwa kuistahimili. Mwaka wa 2013, shirika la mazingira la Marekani lililazimika kuwaonya raia wake kuhusu tabia hiyo hiyo.

Katika mtambo wa namna hiyo, kipande cha waya kilichofungwa kwenye swichi ya presha hakiwi tena kosa la kuunguza kompresa tu. Bomba likipasuka, kinachomwagika chumbani ni gesi ya moto.

Funzo la Tamahere

Mnamo Aprili 5, 2008, wazimamoto waliitikia king'ora katika ghala la baridi la kuhifadhia vyakula huko Tamahere, New Zealand, eneo la mashamba karibu na mji wa Hamilton. Hawakujua kwamba mitambo ya ghala hilo ilikuwa na mamia ya kilo za gesi yenye asili ya propeni. Gesi ilikuwa imevuja, na haikuwa na harufu ya kuwatahadharisha. Ililipuka wakiwa ndani. Mzimamoto mmoja alifariki na wenzake saba wakajeruhiwa.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hapakuwa na kifaa cha kutambua gesi inayovuja, wala maandishi ya kuwaonya waliofika. Mitambo ilikuwa ikipoza vyema. Kilichokosekana ni walinzi.

Msomaji wa Kajiado anafaa kuitafakari picha hiyo. Kati ya Kitengela na Isinya kuna mashamba ya maua yenye vyumba vya baridi, na katika kaunti nzima kuna machinjio, vituo vya kupoza maziwa na maghala ya vyakula. Gari la zimamoto likiitwa huko usiku, je, walio ndani yake watajua ni gesi gani imo humo?

Nasi tumeonja uchungu wa gesi ya kuwaka. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko katika kituo cha kujazia gesi mtaani Embakasi, Nairobi, uliua watu kadhaa na kujeruhi mamia. Baada ya mkasa huo, kila idara iliulizwa nani alikuwa na jukumu la kukagua. Swali hilo lilifaa kuulizwa kabla.

Sheria zipo, macho hayapo

Haiwezi kusemwa kwamba Kenya haina sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inagusa mitambo ya presha, ikiwemo ya kupoza, na inamtaka mwenye mahali pa kazi kufanyiwa ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila baada ya miezi 12. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huo huo zipo.

Mafundi wa umeme hupewa leseni na mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA. Uingizaji wa gesi zinazodhibitiwa unasimamiwa chini ya kanuni za mazingira za 2007, na NEMA ina sauti hapo. Katiba ya 2010 nayo iliipa serikali ya kaunti jukumu la huduma za zimamoto.

Ukizitazama taasisi hizi utaona kwamba kila moja inashika kipande. Mmoja anaangalia waya, mwingine gesi, wa tatu jengo na wa nne moto ukishawaka. Mtambo wenyewe ni mmoja, na unahitaji jicho linaloutazama wote. Cheti cha umeme hakisemi lolote kuhusu swichi ya presha. Kibali cha ujenzi hakisemi lolote kuhusu fundi aliyekuja miaka mitatu baadaye akiwa na kipande cha waya mfukoni.

Pana hoja ambayo wafanyabiashara huitoa, nayo si ya kupuuzwa. Wanasema ada na leseni tayari ni nyingi, na ukaguzi mwingine utakuwa mwanya mwingine wa hongo. Mafundi wa jua kali nao wanasema kwamba mteja hataki kulipia kazi ya saa mbili ilhali jirani ataifanya kwa dakika tano.

Kwa sababu hiyo, dawa haiwezi kuwa leseni mpya. Inapaswa kuanza na mambo machache yasiyo na gharama kubwa.

Kwanza, kila mtambo wa biashara ubandikwe karatasi inayoonyesha aina ya gesi iliyomo, kiasi chake na tarehe ya mwisho ya kukaguliwa kwa kila kifaa cha kinga. Mzimamoto na fundi wote wataisoma.

Pili, ukaguzi wa kila mwaka ambao sheria tayari inaudai ujumuishe kujaribu swichi za presha na breka, si kuzitazama tu. Swichi isiyojaribiwa ni pambo.

Tatu, mwenye biashara aweke mapatano ya kuosha mapezi mara kwa mara, hasa miezi ya ukavu. Brashi na maji ni nafuu kuliko kompresa mpya.

Nne, vyuo vya kiufundi vya kaunti vifunze mafundi waliopo kazini kuhusu gesi zinazowaka. Wengi walijifunza kazi kwa kumtazama mwalimu aliyezoea R-22, na hawana lawama kwa kutofundishwa jambo ambalo halikuwepo.

Hatimaye, mwenye mali abadilishe swali anapomwita fundi. Badala ya kuuliza, "Itawaka lini?" aulize, "Kwa nini ilijizima?" Swali hilo moja humlazimu fundi kutafuta chanzo, na humpa yule mwaminifu nafasi ya kulipwa kwa uaminifu wake.

Wafugaji wa Kimaasai wa Kajiado wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Mbwa akibweka usiku bomani, hapana mfugaji mwenye akili ambaye huamka kumfunga mbwa mdomo ili apate usingizi. Huamka kutazama kilichomfanya abweke.

Mitambo nyuma ya majengo ya Kitengela inabweka kila kukicha. Wenye mali na watawala wasiosikia la mkuu huenda wakaona makuu, na siku hiyo ikifika, kipande cha waya kilichookoa dakika chache hakitaweza kurudisha kilichopotea.